Wapangaji wa Mama

Nilinunua daftari la mistari pale Konde,
nikamwambia mama: wataje, mie niandike.
Alikuwa ukumbini anachambua karafuu,
punje huku, makonyo kule.
Akasema bila kuniangalia:
Andika kwa penseli. Hawa hubadilika.

Wa kwanza ni Kumbe.
Anaishi nyuma ya mtungi. Miguu mitatu, haya kupindukia.
Shaame Faki alimfuma anakunywa maji ya udhu,
akatamka "kumbe!"
na asiweze kuongeza neno
mpaka Ijumaa ya pili.
Jina likabaki hilohilo.
"Na wewe ukimwona," alisema mama,
"utajua hakuna jingine lililofaa."

Chambilecho ni ndege asiye na wimbo wake.
Hutua juu ya bati baada ya isha
akasema ya watu: deni la marehemu Mbarouk,
mnong'ono wa wanawake kisimani Makangale,
kikohozi cha babu, kilekile,
na kituo chake kilekile kabla ya kutema.
Hasemi uongo kwa kuwa hasemi lake.
Ama washairi ndio waliompa jina,
ama yeye ndiye aliyewakopesha wao neno
wasilirudishe.
Mama hajakata shauri.

Mlindimo ana kisa.
Jina lake la mwanzo lilikuwa Mlindamto:
kiumbe kimya, ngozi ya konokono,
kazi yake kuhesabu mikunga
kwenye kijito cha msitu wa Ngezi.
Akaja karani wa mjini na kalamu inayovuja,
mvua inapiga bati, sikio lake moja lina pamba,
akaandika alichosikia.
Toka siku hiyo ananguruma.
Hakutaka, maskini. Mwezi mzima alijiziba mdomo kwa majani ya mgomba.
Lakini jina likishaingia kwenye wino
mwenye jina hulifuata
kama ng'ombe afuatavyo kamba.

Nikaitazama penseli yangu.

Kijamanda hujifunika kichwa akiogopa, basi.
Mwanamakonyo ni kile kinachobaki
punje zikishakwenda kwenye mizani:
harufu yote anayo, bei hana.
Bwana Kesho alijichagulia jina mwenyewe,
naye anadaiwa dukani kwa Riziki
tangu mwaka wa foleni za sukari.

Kwa Ng'onda tuligombana.
Nikasema: mama, ng'onda ni samaki wa kukausha.
Akasema: samaki ndiye aliyeazima.

Ilipofika zamu ya yule wa kizingitini
mikono yake ikasita.
Mie namjua tangu utoto.
Urefu wake haufiki kiwiko. Uso haukukamilika,
lakini visigino vyake vizuri, vya kubusiwa.
Hatishi mtu. Kila asubuhi mama humwachia
kijiko kimoja cha uji kwenye kisahani cha buluu,
na adhuhuri kisahani kikavu.

"Na huyu? Asili ya jina lake?"

Punje zikamporomoka mapajani.
"Hapo ruka mstari," akasema.

Nikaruka. Na katika kuruka
nikakumbuka mbuzi.
Nilikuwa na miaka minne. Mbuzi mweupe, kafungwa kwenye mpera,
nikimlisha maganda ya muhogo,
na watu wazima wakisema kesho, kesho ndiyo siku ya saba,
kesho atanyolewa, kesho ataitwa.
Alfajiri wageni waliingia bila kupiga hodi.
Mbuzi akarudishwa kwa mwenyewe, Kiuyu,
mzima,
nami nikalia sana.
Nililia mbuzi.

Sikuuliza tena.
Penye mstari mtupu nikaweka nukta moja,
nyepesi, ya penseli,
ili ajue nafasi ni yake.
Mama alikuwa keshaanza tena: punje huku, makonyo kule.

Nyuma ya mtungi kitu kilikuwa kinakunywa maji.

Kumbe.